Namna ya Kuandika kuhusu Watu, Dini na Makabila ya Nchi Yenye Watu Wachache: Mfano wa Namibia

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa jiografia, mwanahabari au mfanyakazi wa kanisa au shirika jijini Nairobi ambaye ameombwa kuandaa kurasa mbili tatu kuhusu wakazi wa nchi ambayo hajawahi kuishi: wako wangapi, wanafuata dini gani na ni wa makabila gani. Nimechagua Namibia kwa sababu ni miongoni mwa nchi zenye msongamano mdogo kabisa wa watu duniani, pamoja na Mongolia, na kwa sababu takwimu zake zina karibu kila mtego ambao mwandishi anaweza kunasa. Ninachotaka msomaji akishike tangu mwanzo ni kwamba kila tarakimu ya watu ni jibu la swali fulani, lililoulizwa na mtu fulani, mwaka fulani, na kwamba pale watu walipo wachache, kosa dogo katika mambo hayo matatu linaweza kufuta jamii nzima katika maandishi au kuizidisha maradufu.

Asilimia moja ya Wakenya waliohesabiwa mwaka 2019 ni zaidi ya watu 475,000. Asilimia moja ya Wanamibia ni watu 30,000 hivi. Chanzo kimoja kikisema kwamba Waislamu wa Namibia ni asilimia 1 na kingine kikisema ni asilimia 3, tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, ilhali maana yake ni kwamba jamii hiyo ama ina watu 30,000 ama 90,000. Ndiyo sababu sikubali maelezo ya nchi yenye watu wachache yanayotoa asilimia tupu bila idadi kamili kando yake.

Anza na sensa

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, fungua daftari au jedwali la kompyuta uchore safu tano: mwaka, aliyehesabu, swali lililoulizwa, eneo lililohesabiwa na idadi iliyopatikana. Tarakimu isiyoweza kujaza safu hizo tano isiingie katika maandishi yako, hata kama umeikuta katika tovuti kumi, kwa sababu mara nyingi tovuti hizo kumi zimenakiliana. Kwa Namibia, chanzo cha kwanza ni ripoti za sensa za Shirika la Takwimu la nchi hiyo, ambazo zinasomeka kwenye intaneti kama vile tunavyosoma za KNBS, ofisi ya takwimu ya Kenya, hapa kwetu.

Ukijaza jedwali lako kwa sensa zilizofanywa tangu Namibia ipate uhuru tarehe 21 Machi 1990, utapata watu 1,409,920 mwaka 1991, watu 1,830,330 mwaka 2001, watu 2,113,077 mwaka 2011 na watu 3,022,401 mwaka 2023. Usiridhike na kuzinakili tu, bali kokotoa kasi ya ongezeko, maana hapo ndipo takwimu huanza kuzungumza. Kati ya 2011 na 2023 watu waliongezeka kwa 909,324, yaani asilimia 43. Wengi huchukua hiyo 43 wakaigawanya kwa miaka 12 na kuandika kwamba watu waliongezeka kwa asilimia 3.6 kila mwaka. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa kuwa ongezeko la kila mwaka huhesabiwa juu ya idadi ambayo tayari iliongezeka mwaka uliotangulia. Gawanya 3,022,401 kwa 2,113,077 upate 1.43, kisha utafute kwa kikokotoo cha simu kipeuo cha 12 cha tarakimu hiyo, yaani namba ambayo 12 zake zikizidishwa pamoja hutoa 1.43. Utapata takriban 1.03, yaani asilimia 3.0 kwa mwaka. Kwa njia hiyo hiyo utapata asilimia 2.6 kati ya 1991 na 2001, na asilimia 1.4 tu kati ya 2001 na 2011.

Tazama sasa mfuatano huo: 2.6, halafu 1.4, halafu 3.0. Lau kasi ya asilimia 1.4 ingeendelea hadi 2023, Namibia ingekuwa na watu takriban milioni 2.5, na nusu milioni inayobaki inakaribia wakazi wote wa mkoa wa Khomas, ambamo mji mkuu wa Windhoek upo. Mwandishi makini hasomi mruko wa namna hiyo na kuupita. Anaweza kujiuliza kama sensa ya 2011 iliwaacha watu nje, kama vifo vya UKIMWI, ambao uliipiga Namibia vikali mwanzoni mwa karne hii, vilipunguza kasi ya muongo wa kati, na kama uhamiaji umebadilika. Asichopaswa kufanya ni kuchagua sababu moja inayompendeza na kuiandika kama jambo lililothibitishwa. Aeleze kasi zote tatu, aonyeshe kwamba hazilingani, na amwachie msomaji nafasi ya kuona hivyo.

Sisi Wakenya hatuna haki ya kushangaa sana. Serikali ilipotangaza mwaka 2010 matokeo ya sensa ya 2009, iliyafuta ya wilaya nane za kaskazini mashariki na Turkana kwa sababu idadi iliyopatikana ilikuwa imepita kiasi kilichotarajiwa kwa vizazi na vifo. Maeneo yenye watu waliotawanyika na kuhamahama na mifugo ndiyo magumu zaidi kuhesabu, na nchi kama Namibia ina maeneo mengi ya aina hiyo.

Msongamano: usiishie kwenye wastani

Gawanya watu 3,022,401 kwa eneo la kilomita za mraba 824,000 na kitu, upate watu 3.7 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa msomaji wa Nairobi tarakimu hiyo haina uzito mpaka ipate jirani. Kenya yote ilikuwa na watu 82 kwa kilomita ya mraba mwaka 2019, na jiji la Nairobi zaidi ya 6,200. Lakini ulinganisho unaofaa zaidi ni Marsabit, kaunti ambayo Mkenya akiisikia huwaza nyika isiyo na mwisho: ilikuwa na watu 6. Namibia nzima, pamoja na miji yake yote, ina watu wachache kwa eneo kuliko Marsabit.

Baada ya kuandika wastani huo, uvunje mara moja, kwa maana hakuna Mnamibia anayeishi katika wastani. Katika sensa ya 2011, mkoa wa Ohangwena, mpakani na Angola, ulikuwa na watu karibu 23 kwa kilomita ya mraba, ilhali mkoa wa ǁKaras kusini ulikuwa na nusu mtu. Zaidi ya nusu ya Wanamibia wote wanaishi katika mikoa ya kaskazini, ukanda ambao ni sehemu ndogo ya nchi.

Msomaji atataka kujua sababu, nawe umpe ya ardhi na ya historia kwa pamoja. Jangwa la Namib limeshika pwani yote ya magharibi, na Kalahari imeshika mashariki. Mito inayotiririka mwaka mzima iko mipakani tu: Kunene, Okavango, Kwando na Zambezi kaskazini, na Orange kusini, katikati ya nchi mito ni mikavu mpaka mvua inyeshe. Mvua yenyewe huongezeka kadiri mtu anavyokwenda kaskazini mashariki, ndiyo maana kilimo cha uwele kimewezekana huko kwa vizazi vingi na watu wakasongamana.

Hata hivyo, maelezo yanayotaja jangwa peke yake si ya kweli. Kati ya 1904 na 1908 majeshi ya Ujerumani, mkoloni wa nchi hiyo wakati huo, yaliwaua Waherero na Wanama kwa risasi, kwa kiu jangwani na katika kambi za kufungia watu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba waliangamia Waherero wapatao 65,000 kati ya 80,000, na Wanama wapatao 10,000 kati ya 20,000. Waherero wengine walikimbilia nchi ambayo leo ni Botswana, na ardhi ya nyanda za kati ikagawiwa walowezi wakaifanya mashamba makubwa ya mifugo yenye watu wachache. Ujerumani yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya halaiki. Mtu anayeandika kwamba kusini na katikati mwa Namibia kuna watu wachache kwa sababu ya ukame, akanyamaza hapo, amewafuta watu hao mara ya pili, na jambo hilo nalichukulia kwa uzito kuliko kosa lolote la hesabu.

Kuhusu ramani, tumia ramani ya nukta, ambayo kila nukta inasimama badala ya watu elfu moja au elfu tano. Ramani iliyopakwa rangi mkoa kwa mkoa huifanya ǁKaras, mkoa mkubwa kuliko yote, itawale macho ya mwanafunzi ilhali karibu haina watu.

Makabila: tafuta swali lililoulizwa

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua ukurasa wowote wa maelezo ya jumla kuhusu Namibia na utakuta mstari unaofanana na huu: Waovambo asilimia 50, Wakavango 9, Waherero 7, Wadamara 7, Wazungu 6, Wanama 5, Walozi wa Caprivi (ukanda wa kaskazini mashariki) 4, Wasan 3, Wabaster (jamii ya Rehoboth yenye asili ya Kizungu na Kiafrika) 2. Jaribu kuujaza mstari huo katika zile safu tano. Mwaka? Haupo. Aliyehesabu? Hatajwi. Asilimia hizo hizo zimekuwa zikinukuliwa kwa miongo kadhaa, katika kipindi ambacho watu wa nchi hiyo wamezidi maradufu, kana kwamba kila jamii imezaa, imekufa na imehama kwa kiwango kimoja. Majina ya makundi yenyewe yanafanana sana na mgawanyo wa utawala wa Afrika Kusini, ambao uliitawala Namibia mpaka uhuru na kupanga watu kwa rangi na kabila. Tume ya Odendaal, katika ripoti yake ya 1964, ilipendekeza kila kundi litengewe eneo lake. Kunukuu orodha hiyo bila kueleza historia yake ni kuendeleza daftari la mkoloni.

Sasa fungua ripoti ya sensa ya 2011 uone ilichouliza. Iliuliza lugha kuu inayozungumzwa katika kaya. Karibu asilimia 49 ya kaya zilizungumza Oshiwambo, lugha ya Waovambo, zaidi kidogo ya asilimia 11 zilizungumza Khoekhoegowab, na zaidi kidogo ya asilimia 10 Kiafrikana, lugha iliyotokana na Kiholanzi. Hizi ni kaya, wala si watu, na ni lugha, wala si makabila. Wadamara na Wanama ni jamii mbili zenye historia tofauti, lakini wote wanazungumza Khoekhoegowab, hivyo hakuna hesabu yoyote ya lugha inayoweza kukwambia Wadamara ni wangapi na Wanama ni wangapi. Wahimba wa Kunene na Waherero wa nyanda za kati wanazungumza Otjiherero. Kiafrikana ni lugha ya nyumbani ya Wazungu wengi, ya Wabaster wa Rehoboth, ya watu wenye asili mchanganyiko na ya baadhi ya Wanama, kwa hiyo anayegeuza kaya za Kiafrikana kuwa idadi ya Wazungu amewapa Wazungu watu wasio wao.

Mkenya ana faida katika jambo hili, kwa kuwa anajua tangu utotoni kwamba jina la kabila linaweza kuwa mwavuli. Wamijikenda ni jamii tisa. Wakalenjin wamo Wakipsigis, Wanandi, Watugen na wengineo. Waovambo nao wamo Wakwanyama, Wandonga, Wakwambi, Wangandjera, Wambalantu na wengineo, na Wakwanyama wengi wako upande wa Angola kwa kuwa mpaka ulichorwa katikati yao. Ukiandika kwamba nusu ya nchi ni kabila moja, mwambie msomaji pia kwamba kabila hilo lina falme na lahaja zake. Mkumbushe vilevile kwamba orodha ya makabila huweza kubadilishwa kwa tangazo la serikali, kama ilivyokuwa kwetu mwaka 2017 Wakenya wenye asili ya Asia walipotambuliwa kuwa kabila la 44, ilhali familia zao zilikuwa Nairobi tangu reli ilipofika.

Ushauri wangu ni huu: andika takwimu ya lugha kama takwimu ya lugha, ukiitaja sensa na mwaka, kisha, katika sentensi nyingine, toa makadirio ya makabila kwa maneno mapana, kama vile takriban nusu au chini ya moja ya kumi, badala ya desimali zinazodai uhakika zisiokuwa nao. Usikae na jina ambalo wenyewe hawalipendi. Wasan, kwa mfano, si kabila moja bali ni jamii kadhaa zenye lugha tofauti, kama Waǃkung na Wakhwe, na ukiweza kutaja jamii husika kwa jina lake, fanya hivyo.

Dini

Kwa jumla inatajwa kwamba kati ya asilimia 80 na 90 ya Wanamibia ni Wakristo, na kwamba angalau nusu ya watu wote ni Walutheri. Kwa msomaji wa Kenya, ambaye Walutheri kwake ni kanisa dogo, jambo hilo linahitaji maelezo, na maelezo yapo katika historia ya misheni. Wamisionari Wajerumani wa shirika la misheni la Rhenish walianza kazi miongoni mwa Wanama na Waherero katika miaka ya 1840, na Wafini, yaani watu wa Finland, wakafika kwa Waovambo mwaka 1870. Kwa kuwa kaskazini ndiko kwenye watu wengi, kazi ya Wafini ndiyo iliyozaa kanisa kubwa kuliko yote nchini. Mpaka leo kuna kanisa la Kilutheri lenye mizizi ya Kifini, lingine lenye mizizi ya Rhenish na la tatu, dogo, la wazungumzaji wa Kijerumani. Wakatoliki, Waanglikana na waumini wa kanisa la Reformed la Waafrikana (Makaburu) wapo pia, na mwaka 1955 Waherero waliojitenga na misheni ya Rhenish walianzisha kanisa lao, Oruuano.

Mtego wa takwimu za dini ni visanduku vya dodoso. Mfano mzuri uko hapa hapa nyumbani. Sensa ya 2009 ilionyesha Waprotestanti wa Kenya wapatao milioni 18.3, ya 2019 ikaonyesha milioni 15.8, ingawa watu wote walikuwa wameongezeka kwa karibu milioni tisa. Anayesoma haraka ataandika kwamba Uprotestanti unaporomoka. Ukweli ni kwamba ripoti ya 2019 iliwaweka waumini wa makanisa ya kiinjilisti, zaidi ya milioni 9.6, katika safu yao wenyewe. Kabla ya kulinganisha miaka miwili, weka madodoso mawili kando kwa kando usome majibu yaliyoruhusiwa.

Halafu kuna watu wasioingia katika kisanduku kimoja. Miongoni mwa Wahimba, na kwa Waherero wengi pia, moto mtakatifu uitwao okuruwo hutunzwa katika boma kama mahali pa kuzungumza na mababu. Mherero anaweza kuwa amebatizwa kanisani na bado akaheshimu moto huo, na dodoso linalomtaka achague jibu moja litamhesabu Mkristo au mfuasi wa dini ya asili, kamwe si vyote viwili. Sentensi moja inayosema hivyo ina thamani kuliko asilimia mbili za ziada.

Jamii ndogo sana

Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu Waelmolo zaidi kidogo ya 1,000, na Wadahalo chini ya 600. Kwa jamii za ukubwa huo, hapa au Namibia, usigawanye tena idadi kwa kijiji, umri na dini, kwa sababu jedwali litaanza kuonyesha familia badala ya jamii, na wale watu hawakukuomba uwaanike. Ishia kwenye mkoa au kaunti. Kwa upande mwingine, usiwatupe katika safu ya wengineo ili jedwali lipendeze. Wape mstari wao wenyewe kwa majina yao.

Ukifuata hatua hizi, aya yako ya kwanza kuhusu Namibia inaweza kusomeka hivi:

Sensa ya 2023 ilihesabu watu 3,022,401 nchini Namibia, yaani 3.7 kwa kila kilomita ya mraba, lakini zaidi ya nusu yao wanaishi katika mikoa ya kaskazini yenye mvua na mito, huku kusini na pwani zikibaki karibu tupu kwa sababu ya ukame na pia ya mauaji na unyang'anyi wa ardhi wa enzi ya Wajerumani. Mwaka 2011, karibu nusu ya kaya zilizungumza Oshiwambo nyumbani, zikifuatwa na za Khoekhoegowab, lugha ya Wadamara na Wanama, na za Kiafrikana. Wakristo ni wengi mno, hasa Walutheri, na baadhi yao huunganisha imani hiyo na ibada za mababu.

Aya hiyo ina sentensi tatu tu, na kila tarakimu iliyomo ina mwaka wake. Sensa nyingine itakapofanywa, badilisha tarakimu na mwaka kwa pamoja, na usome upya dodoso kabla ya kugusa sentensi ya lugha au ya dini, kwa kuwa swali lenyewe huenda likawa limebadilika.